UCHAMBUZI: Ngazi ya kutoka diploma hadi shahada ya hoteli ina vidato vilivyong'oka

WANAOENDESHA hoteli za nchi hii kila uchao, kuanzia jikoni hadi kwenye meza ya mapokezi, wengi wao ni watu wa cheti na diploma. Lakini nafasi za kuzisimamia hoteli hizo zinapotangazwa, sharti la kwanza linaloandikwa mara nyingi ni shahada. Kati ya hali hizi mbili pana ngazi ambayo kisheria ipo, ila anayejaribu kuipanda hutambua upesi kwamba vidato vyake kadhaa vimeng'oka.

Suala hili si geni, ila lina uzito zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Utalii umeinuka kutoka shimo la janga la corona. Mwaka 2020 wageni wa kimataifa waliozuru Kenya walipungua hadi chini ya 600,000, kutoka takriban milioni mbili mwaka uliotangulia. Kufikia 2024 walikuwa wamepanda hadi karibu milioni 2.4, na mapato yakakadiriwa kuwa Sh452 bilioni. Hoteli zinaajiri tena, na linalosalia ni kujua nani atapandishwa cheo ndani yake.

Sababu ya pili inahusu ahadi ambazo vijana wamepewa. Katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa zaidi ya 960,000 walitafuta alama, na ni 246,391 pekee waliopata C+ na zaidi, kiwango cha kujiunga moja kwa moja na chuo kikuu. Karibu watatu kati ya kila wanne hawakufikia. Hao ndio wanaoambiwa na viongozi, kila matokeo yatangazwapo, kwamba wasivunjike moyo, waende katika vyuo vya kiufundi, kwa kuwa diploma ni njia nyingine tu ya kufika kule kule. Ikiwa njia hiyo haipitiki, basi vijana hao wanadanganywa, na wazazi wao ndio wanaoulipia uongo huo karo.

Kenya haikuanza vibaya katika jambo hili. Chuo cha Utalii kilichoko kando ya Barabara Kuu ya Thika, Nairobi, kilianzishwa mwaka 1975 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na ile ya Uswisi, wakati ambapo mameneja na wapishi wakuu wa hoteli kubwa walikuwa bado ni wageni. Kiliwekewa hoteli yake ya mafunzo, ili mwanafunzi asijifunze kumhudumia mgeni wa kubuni. Kiligharamiwa kwa ushuru wa asilimia mbili wanaotozwa wenye hoteli na mikahawa kutokana na mapato yao, ushuru ambao siku hizi husimamiwa na Hazina ya Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011.

Mpangilio huo ulizaa kizazi cha mameneja wazalendo walioingia ofisi ya meneja mkuu bila kuulizwa shahada. Kwa miaka mingi diploma ya chuo hicho ilikuwa ndiyo shahada ya hoteli kwa jina jingine. (Diploma, au stashahada kwa wenzetu wa Tanzania, hapa kwetu neno hilo zuri bado ni la wahariri.) Kilichobadilika ni kwamba, katika miongo iliyofuata, vyuo vikuu vya Moi, Maseno, Kenyatta na vinginevyo, pamoja na vya kibinafsi kama vile USIU na Strathmore, vilianza kutoa shahada za utalii na za usimamizi wa hoteli. Soko lilipopata watu wenye shahada, waajiri wakaitia katika matangazo. Sidhani kwamba walichunguza kwanza wakaona ina manufaa zaidi. Mtu anayepokea maombi mia nne ya nafasi moja hutafuta sababu ya kuyaondoa mia tatu, na shahada ni kichujio kisichogharimu chochote.

Kwa mwenye diploma aliyebaki katika hoteli ile ile, mabadiliko hayo hayakumdhuru sana. Meneja alimjua, alijua anavyopanga zamu na anavyomtuliza mgeni aliyekasirika. Alidhurika pale alipolazimika kuhama. Hoteli ya InterContinental jijini Nairobi ilifungwa mwaka 2020, na ile ya Hilton, jengo ambalo vizazi viwili vya Wakenya vililitumia kama alama ya kuelekezana njia, ikafunga milango yake mwishoni mwa 2022. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini mahali pamoja huanza upya kuandika barua za maombi kwa watu wasiomjua. Ustadi wa mikono hauwezi kuambatishwa kwenye barua pepe, bali cheti kinaweza.

Katika utumishi wa umma ukuta huo unaonekana kwa macho. Miundo ya utumishi mara nyingi huweka daraja ambalo mwenye diploma halivuki, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi. Msimamizi wa jiko la hospitali ya umma na mkufunzi wa upishi katika chuo cha kiufundi wote wanalijua daraja hilo kwa namba yake. Wapo pia Wakenya waliofanya kazi katika hoteli za Dubai na Doha, hasa wakati Qatar ilipokuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2022. Wamerudi na uzoefu wa hoteli za hadhi ya juu kabisa, ila karatasi zao ni zile zile walizoondoka nazo.

Tukiutazama mfumo kwenye maandishi, hakuna kilichosahaulika. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Sheria ya mwaka uliofuata kuhusu mafunzo ya kiufundi ikavipa vyuo vya ufundi mamlaka yake ya kuvisimamia. Mwaka 2014 ikaja sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, iliyounda asasi ya KNQA. Katika mpangilio wake wa ngazi kumi, diploma iko ya sita na shahada ya kwanza iko ya saba. Ni hatua moja. Kanuni za usajili nazo zinaikubali diploma ya taasisi iliyoidhinishwa badala ya ile C+.

Tatizo ni kwamba vitu vinavyoitwa diploma si kitu kimoja. Kuna ya baraza la mitihani, KNEC. Kuna ya Chuo cha Utalii chenyewe, ambacho kiko chini ya Wizara ya Utalii wala si ile ya Elimu. Kuna ya TVET CDACC, inayotolewa kwa mfumo wa umilisi. Kuna za bodi za kigeni, hasa za Uingereza, na kuna zile ambazo vyuo vya orofani mijini hujichapishia. Afisa wa usajili anayeletewa rundo hilo ana haki ya kuwa na tahadhari.

Ya CDACC ndiyo yenye kinaya. Serikali yenyewe ndiyo iliyoviagiza vyuo vya kiufundi vihamie mafunzo ya umilisi. Mwanafunzi hupimwa kwa kutenda: hupewa samaki, viungo, muda na idadi ya wageni, kisha mtathmini husimama kando akatazama. Mwishowe huandikiwa kwamba ni mmilisi au bado hajawa. Afisa wa chuo kikuu, kwa upande wake, amezoea kuona asilimia, gredi na saa za mihadhara. Akikabidhiwa cheti kinachosema tu kwamba mtu huyu anaweza, hajui akiweke katika safu gani. Hivyo mhitimu wa mfumo ambao serikali inausifia majukwaani hujikuta akihangaika kwenye lango la chuo kikuu cha serikali iyo hiyo.

Tuseme amelivuka lango. Sasa anakutana na suala la masomo aliyokwisha kuyasoma. Miongozo ya CUE huruhusu mwanafunzi kusamehewa sehemu isiyofikia nusu ya masomo ya msingi. Kikomo hicho kina mantiki, kwani chuo kikuu hakiwezi kutia sahihi shahada ambayo sehemu yake kubwa ilifundishwa kwingine. Lakini shahada yetu ni ya miaka minne, kumaanisha kwamba hata aliyesamehewa kadiri inavyoruhusiwa bado ana zaidi ya miaka miwili mbele yake. Na wengi hawasamehewi kiasi hicho. Huingizwa mwaka wa pili na kuambiwa washukuru. Kila somo lisilosamehewa ni somo linalolipiwa. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya ugumu wa vyuo, ila haiwezi kuwa inaharakisha maamuzi.

Matokeo yake ni kwamba mpishi wa miaka kumi kazini huketi pamoja na vijana wa miaka 19 akifundishwa aina za kukata karoti. Huo ni upotevu wa karo yake, wa muda wa mhadhiri, na wa kiti ambacho kingempa mwingine nafasi.

Karo yenyewe ni mlima. Ufadhili wa serikali kwa wanafunzi wa shahada umefungamanishwa kwa kiasi kikubwa na nafasi zinazogawanywa na KUCCPS kwa waliotoka shule za upili. Mwenye diploma anayerudi baada ya miaka minane kwa kawaida huingia kama mwanafunzi wa kujilipia. Bodi ya mikopo, HELB, ina mkopo uitwao Jielimishe kwa wanaosoma huku wakifanya kazi ya mshahara, na hilo ni jambo jema. Lakini hoteli nyingi za Pwani huajiri kwa kandarasi ya msimu. Anayelipwa miezi minane na kukaa nyumbani miezi minne ana hati ya mshahara leo na kesho hana.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kikwazo ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kikubwa kuliko vyote na ndicho kisichozungumzwa: kalenda.

Mwaka wa hoteli hautembei na mwaka wa chuo. Diani, Watamu na Malindi hujaa Desemba, wageni wa Ulaya huendelea kumiminika hadi Machi, na Pasaka huleta Wakenya wenyewe. Baada ya hapo mvua za masika hushuka, na kuanzia Aprili hadi Juni vyumba huwa vitupu. Baadhi ya hoteli hufunga mabawa mazima, nyingine hufunga kabisa. Kambi za Maasai Mara huwa na kilele chake kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka. Nairobi hutegemea mikutano, na mikutano hupungua Desemba wakati Pwani inapojaa.

Vyuo vikuu, kwa mazoea, hufanya mitihani Desemba. Hakuna meneja wa hoteli ya Pwani mwenye akili timamu atakayempa msimamizi wa zamu likizo ya wiki mbili kabla ya Krismasi. Msimamizi huyo basi huchagua moja kati ya mawili: kuacha kazi ili asome, au kukosa mtihani. Masomo ya jioni, ambayo yamewafaa karani wa benki na mwalimu, hayamfai mtu ambaye zamu yake inaanza saa tisa alasiri na kuisha saa tano usiku. Masomo ya wikendi ni dhihaka kabisa, kwani wikendi ndiyo wakati hoteli inapochuma. Anayepanga ratiba ya shahada ya hoteli bila kuuliza hoteli inafanya kazi saa ngapi amejiondolea wanafunzi walio bora kabla hajatangaza kozi.

Mafunzo ya mtandaoni yamepunguza ugumu huo kidogo tangu corona ilipovilazimisha vyuo kuyakubali. Lakini mtihani bado hufanyiwa chuoni, na bado ni Desemba.

Je, shahada yenyewe inampa nini asichokuwa nacho? Hili ni swali la haki, na wakereketwa wa shahada hulikwepa. Mwenye diploma bora anajua kukadiria gharama ya sahani moja ya chakula, kudhibiti bohari, kulinda usafi wa jiko, kupanga zamu na kuandaa karamu ya watu mia tatu. Asichofundishwa kwa kina ni hesabu za biashara nzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hoteli ina vyumba 100. Ikitoza Sh10,000 kwa usiku, vyumba 60 hulaliwa, nayo hupata Sh600,000. Meneja anapunguza bei hadi Sh8,000. Vyumba 80 vinalaliwa, mapato ni Sh640,000. Ukumbi umechangamka na kila mtu anampongeza. Lakini vile vyumba 20 vya ziada vinahitaji kufuliwa shuka, kusafishwa, maji moto na kiamshakinywa. Ikiwa kila kimoja kinagharimu Sh2,500, hoteli imetumia Sh50,000 zaidi ili kupata Sh40,000 zaidi. Imepata hasara ya Sh10,000 kila usiku huku ikionekana kujaa. Isipokuwa, pengine, wageni hao wa ziada wanakula chajio na kunywa baa, na hapo hesabu inageuka tena. Kuijua hesabu hii, kuitetea mbele ya mwenye hoteli, kuisoma pamoja na mkopo wa benki, sheria za kazi na mkataba wa kampuni ya kigeni inayotoza ada kwa kutumia jina lake, huo ndio usimamizi. Hayo ndiyo yanayostahili kumrudisha mtu mzima darasani.

Kwa hiyo shahada ya kujiendeleza inapaswa kuwa fupi na nzito: uhasibu, upangaji wa bei, sheria, uajiri, utafiti wa soko, na mradi mmoja unaotokana na hoteli anayofanyia kazi. Karoti zisirudiwe. Idara ambayo haina cha kumfundisha mpishi wa miaka kumi zaidi ya aliyoyasoma akiwa na miaka 20 haistahili kuitwa idara ya usimamizi.

Wapo wanaosema suluhisho ni kukipandisha hadhi Chuo cha Utalii kiwe chuo kikuu. Wito huo umesikika mara si moja, na kwa sababu inayoeleweka: chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, chuo kisicho na hati ya chuo kikuu hakiwezi kutoa shahada kwa jina lake chenyewe. Mwandishi huyu ana shaka. Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zilifanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 zikawa vyuo vikuu kamili vya kiufundi. Zimefanya mengi mazuri. Hata hivyo, malalamiko kwamba nchi ilipoteza vituo vyake viwili vikuu vya kuwafundisha mafundi wa ngazi ya kati hayajaisha, na yana ukweli ndani yake. Chuo kikipata hati, wahadhiri hutakiwa kuwa na shahada za uzamifu, si miaka ya jikoni. Mpishi mkuu mstaafu, ambaye ndiye hazina ya chuo cha hoteli, hukosa mahali. Na hoteli moja yenye meneja wawili au watatu wa ngazi ya juu inahitaji wapishi, wahudumu na wasafishaji kwa makumi.

Waswisi waliotusaidia kujenga chuo chetu hawakufuata njia hiyo ya mkato. Shule ya hoteli ya Lausanne, iliyoanza mwaka 1893, leo hutoa shahada, lakini mwanafunzi huanza kwa muda wa kazi za mikono, jikoni na ukumbini, kabla ya kuingia darasani kusoma fedha. Uingereza, iliyozigeuza politekniki zake kuwa vyuo vikuu mwaka 1992, ina kozi za mwaka mmoja za kukamilishia shahada kwa mwenye diploma ya juu. Karibu zaidi na nyumbani, Tanzania imepanga mafunzo yake ya kiufundi katika ngazi zinazopanda kutoka cheti, ya sita ikiwa stashahada na ya nane ikiwa shahada, zote katika mfuatano mmoja. Anayepanda hahami kutoka nyumba moja hadi nyingine ambako hajulikani. Huko nako kuna matatizo yake, ila swali la iwapo stashahada ya kiufundi inaelekea popote limejibiwa ndani ya mfumo wenyewe.

Kenya inaweza kufanya hivyo bila kuanzisha chuo kikuu kingine. Chuo cha Utalii kibaki na diploma zake, na vyuo vikuu viwili au vitatu vikubaliane nacho kimaandishi ni masomo gani yanayosamehewa, ili mwanafunzi ajue kabla ya kulipa ada ya maombi badala ya kutegemea hisani ya mkuu wa idara. Mkataba kama huo ukiwepo, ule wa CDACC hautakuwa mgumu kuuandika. Kinachohitajika ni KNQA kutoa jedwali la kutafsiri umilisi kuwa alama, na CUE kuliheshimu. Mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao serikali imekuwa ikiuzungumzia kwa wingi miaka ya hivi karibuni, hautamfaa mtu wa hoteli iwapo utaishia kumpa cheti cha ngazi ya chini kumthibitishia anachokijua.

Pesa nazo zipo karibu kuliko tunavyodhani. Ile asilimia mbili hutokana na jasho la wafanyakazi hawa hawa, na mafunzo ni miongoni mwa mambo ambayo ushuru huo ulianzishiwa. Sehemu yake kubwa imeelekezwa kwenye majengo, ukiwemo mradi wa Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala huko Vipingo, Kilifi, ambao ulichukua zaidi ya mwongo mmoja. Pwani inakihitaji chuo hicho, hilo halina ubishi. Lakini nusu ya karo ya msimamizi wa hoteli ya Mtwapa anayesomea shahada ni gharama ndogo mno ukilinganisha na ghorofa moja, na faida yake huonekana baada ya miaka miwili.

Muda wa kuyatengeneza haya si mrefu. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi linatarajiwa kukamilisha shule ya upili mwishoni mwa 2028 na kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Hao watafika na matokeo ya umilisi tangu shule ya msingi, na vyuo vikuu vitalazimika kuyasoma vitake visitake. Mpishi na mhudumu wa mapokezi walioko kazini sasa hawastahili kungoja hadi wakati huo. Kwao mwanzo mzuri ni darasa la wiki kumi, Aprili hadi Juni, Mombasa, katika ukumbi wa mikutano wa hoteli yoyote ambayo msimu huo haina wageni, na mtihani wake ufanywe kabla ya nyumbu kuvuka Mto Mara.